Lile darasa la ardhi ya jamii la Jumamosi mbili, Upper Hill: nilienda, nikalipa, haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na bei ndio msinijazie inbox. Ni 4,500 kwa Jumamosi mbili, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, chai na lanchi ndani, unalipa kwa till kabla hujakaa. Ukumbi uko Upper Hill ghorofa ya 4 na lifti imekufa, kwa hivyo kama goti lako ni kama langu vaa raba na uanze kupanda mapema. Jina la waandaaji siweki, kuna mambo nitasema hapa yatawauma kidogo na mimi pesa ya wakili sina, hata hiyo 4,500 tulichanga na shemeji yangu.

Sasa mtu atauliza, mama wa kuuza viatu Gikomba anatafuta nini kwa darasa la ardhi. Kwetu ni Machakos lakini nimeolewa Kajiado, na kwa kina mume wangu ardhi bado ni ile ya ranchi ya kikundi, ya wafugaji wengi kwa pamoja, haijakatwa, ng'ombe wanapita tu. Tangu mwaka jana kuna stori ya kubadilisha hiyo ranchi iwe ardhi ya jamii chini ya sheria mpya na grup yetu ya WhatsApp ya familia imekuwa moto, vijana wanapigania bikoni, zile alama za mpaka, wazee wanatuma voisi za dakika saba, mwingine ameleta picha ya ramani imepigwa usiku hata hujui juu ni wapi na chini ni wapi. Katikati ya hiyo kelele mama mkwe, ambaye hasomi na simu anashikiwa na mjukuu, akatuma voisi fupi sana: "Na mimi je, nimeandikwa?" Hakuna aliyemjibu. Wote wakarudi kwa bikoni. Hilo swali lilinikaa kichwani wiki nzima kwa sababu nikijiangalia, hata mimi sijui kama nimeandikwa kwa kitabu cha wenye ardhi.

Ndio nikaona tangazo la hili darasa, limeandikwa kwa herufi kubwa "kwa Kiswahili rahisi". Shikeni hapo, tutarudi.

Tulikuwa watu 33. Nilihesabu nikingoja projekta ikubali, ilichukua dakika arobaini hivi, na hiyo namba wekeni kwa akili itatusaidia mbele. Walimu walikuwa wawili, wakili mmoja mdada wa miaka kama thelathini, mkali na anajua kazi yake, na mzee mmoja seveya (mpima ardhi) mstaafu mwenye kofia ambaye ukiniuliza mimi ndiye aliyebeba hili darasa mgongoni.

Mdada alianza na Katiba ya 2010 na hapo sina neno, alifunza vizuri. Wengi wetu tumekua tukijua ardhi ni za aina mbili, ya serikali na ya mtu. Kumbe ni tatu, ibara ya 61: ya umma, ya jamii, ya binafsi. Ya umma ndio kama Karura, ile misitu ya serikali, mbuga, vyanzo vya maji, zote ziko ibara ya 62. Akatukumbusha vile Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Karura Januari 1999 wakizuia msitu ukatwe plot, na mzee mmoja nyuma akasema alikuwepo akiuza maziwa upande wa Kiambu Road, aliona watu wakikimbia. Ya binafsi ni ile yenye taito ya jina lako. Halafu hii ya katikati, ibara ya 63, ya jamii, ambayo ukiangalia ramani ya Kenya ndio kubwa kwa macho, huko kaskazini yote na sisi wafugaji wa kusini.

Hapo kukatokea kitu kizuri. Jamaa mmoja wa kutoka upande wa msitu wa Mau akainua mkono akauliza, mwalimu, umesema msitu wa serikali ni ardhi ya umma, sawa, halafu ukurasa unaofuata Katiba inasema ardhi ya mababu ya watu wa kuwinda na kuokota ni ya jamii, sasa mtu kama Ogiek ambaye babu yake alizaliwa ndani ya huo msitu akitega mizinga ya asali, yeye yuko wapi? Ukumbi kimya. Mdada hakukwepa. Akasema hilo ndilo swali lilipelekwa mpaka Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu kule Arusha, baada ya watu kupewa notisi ya siku 30 watoke Mau mwaka wa 2009, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema serikali imevunja haki za Ogiek, halafu 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe shilingi milioni 157.85 na warudishiwe ardhi yao kwa hati ya pamoja. Yule jamaa akasikiza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwalimu. Sasa nani anakuja kupima?" Seveya akacheka mpaka kofia ikaanguka, lakini hakujibu, na mimi nadhani hakuna aliyekuwa na jibu hapo ndani.

Shida ikaanza baada ya chai. Chai yenyewe kwanza ilikuwa baridi na mandazi moja moja, mtu mzima na mandazi moja. Halafu tukarudishwa kwa historia, mkataba wa 1904 wa Wamaasai na Waingereza, wa 1911 wa kuhamishwa kutoka Laikipia, sheria za ardhi za mkoloni za 1902 na 1915, masaa mawili yote. Sisemi ni mbaya. Nilitaka kulia mahali pale wanaandikiwa ardhi ni yao mradi Wamaasai wapo duniani, halafu miaka saba baadaye wanaambiwa hameni. Lakini sisi tulilipa kujua fomu, na slaidi zote, nasema zote, zilikuwa Kingereza! Mdada anasoma sentensi ndefu kama treni ya Mombasa, halafu anasema "yaani kwa ufupi" na kutoa maneno matano ya Kiswahili. Mzee wa maziwa akanong'ona kwamba hiyo ya 1904 babu yake aliwasimulia ng'ombe wakikamuliwa na hakuhitaji projekta.

Seveya alipochukua maiki ndio tukaamka. Yeye anaongea Kiswahili cha watu. Akatuambia ranchi za vikundi zilitoka kwa sheria ya 1968, ambapo ardhi ilikuwa inakaa kwa majina ya wawakilishi wachache kwa niaba ya kikundi, na ni hapo mambo yaliharibikia sehemu nyingi, kwa sababu ukishawanunulia wawakilishi nyama choma umemaliza kazi. Hiyo sheria imefutwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii, namba 27 ya 2016, ilianza kufanya kazi Septemba 2016, kanuni zake zikatoka 2017. Sasa mwenye neno la mwisho ni mkutano mkuu wa jamii, yaani kila mtu mzima mwanajamii, na ule mkutano unachagua kamati ya watu 7 mpaka 15 ya kuendesha kazi za kila siku. Jamii ya Il Ngwesi kule Laikipia ni kati ya walioanza kusajiliwa. Na kama hamjasajili, kaunti inawashikia tu, haiwezi kuuza wala kugeuza iwe ya mtu, na serikali ikichukua kipande kwa mradi hiyo fidia inakaa kwa akaunti maalum yenye riba mpaka mjisajili. Hii ya mwisho nilipigia mstari mara mbili, kuna watu kwetu huambiwa kaunti ndio mwenye shamba.

Jumamosi ya pili ndio ilirudisha pesa yangu. Baada ya lanchi (wali, maharagwe, kuku kipande cha shingo) seveya akasema sasa nyinyi 33 ni jamii moja, mimi ni mwekezaji, nataka kukodi shamba lenu niweke mitambo ya upepo, nitawapa barabara na kisima, haya pigeni kura. Alikuwa amevaa koti la wakili mwingine, mikono imefika hapa kwa kiwiko, tukacheka. Tukachagua mwenyekiti, mama mmoja wa Isiolo mwenye sauti. Watu wakaanza kubishana, kisima kimoja ama viwili, vijana wanataka kazi, mimi nikasimama nikasema miaka ya kukodi iandikwe. Tumenogewa kabisa, mwenyekiti anasema walio na ndio wainue mikono, seveya akasema ngoja kwanza. Mmehesabiana?

Tukahesabiana. Watu 21. Wengine walikuwa wameenda kuangalia gari lisifungwe na kanjo, wawili wako kwa ngazi wanavuta hewa, mmoja amelala nje kwa kiti. Theluthi mbili ya 33 ni 22. Sheria inasema mkutano wa kumkubali mwekezaji lazima uwe na theluthi mbili ya watu wazima wote wa jamii, sio waliokuja, wote. Akidi haijatimia. Kila kitu tulichobishania saa nzima ni hewa. Mama wa Isiolo akamtuma kijana akamwamshe yule wa nje na seveya akasema hapana, hivyo ndivyo minitsi za uongo huanza, kumalizia akidi na mtu ambaye hakusikia mjadala.

Halafu akatoa koti akaeleza ya Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310, ekari 150,000 za ardhi iliyokuwa ya jamii. Mwaka wa 2021 mwezi wa kumi mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikasema hizo hati za ardhi hazikutolewa kwa njia ya sheria. Mitambo imesimama, stima inaingia kwa gridi, na karatasi ya chini yake inaambiwa haiko sawa. Hiyo ndio bei ya kuruka mkutano, akasema, na inalipwa na pande zote mbili.

Mimi hapo akili ilikuwa imeshaenda Kajiado. Nikachukua kalkuleta ya simu. Tuseme kwetu wanajamii wazima ni 2,000, nakisia tu, theluthi mbili ni 1,334. Nani amewahi kuona watu 1,334 kwa mkutano Jumanne? Nusu ya vijana wako Kitengela, Rongai, wengine Qatar. Na ndio nikakumbuka kitu kingine, kile kitabu cha ranchi yetu kimeandikwa zamani, majina ni ya wanaume wenye boma, na baba mkwe yumo, na baba mkwe tulimzika 2009. Kwa hivyo kama hicho kitabu kinahamishwa hivyo kilivyo, marehemu wanahesabiwa kwa wale 2,000 na hawawezi kuja kwa mkutano, na mjane wake aliye hai na anaweza kuja hayumo. Akidi haitimii milele. Ama inatimizwa na mtu anayewatilia marehemu saini, chagueni.

Nikauliza hilo swali. Seveya akanyoosha kidole akasema mama wa viatu amefika nyumbani.

Na sasa hapa ndipo ninawanyima nyota. Kitu chenyewe, rejista ya wanajamii, walikiweka cha mwisho kabisa saa tisa na dakika ishirini, watu wanaangalia saa, dakika arobaini basi. Unawekaje roho ya sheria yote baada ya kuku? Kwa sababu ukisoma vizuri, kusajili jamii kunataka vitu vichache tu: mnaitwa kwa tangazo la umma, kwa gazeti na redio, watu wote wenye haki kwa hiyo ardhi, mnachagua kamati, halafu kamati inapeleka kwa msajili jina la jamii, rejista ya wanajamii, minitsi za mkutano na kanuni zenu. Bikoni zinakuja baadaye na seveya. Ukikosewa kwa bikoni utapigana na jirani mmoja. Ukikosa kwa rejista huna hata pa kusimama kupigana. Na familia yangu imepiga kelele ya bikoni mwaka mzima!

Kwa hizo dakika arobaini nilipata jibu langu lakini, kifungu cha 30. Aliyeolewa ama aliyeoa mwanajamii anakuwa mwanajamii moja kwa moja, huombi, hupigiwi kura, na inakaa hivyo mpaka muachane kisheria na mwanamke aolewe tena, ama mume afe na mwanamke aolewe kwingine. Mdada akakisoma mara mbili kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza bila slaidi. Mama mkwe hajaolewa kwingine, ana miaka sabini na kitu na mbuzi wanne. Yumo. Mimi pia nimo. Nikauliza mbona ni mwanamke tu ndiye wa kuolewa tena, mwanaume aliyeingia kwa jamii ya mke halafu akaoa mwingine yeye inakuwaje, mdada akatabasamu akasema hiyo ni sheria ilivyoandikwa, mama. Haya.

Mambo ya rasilimali yalipitishwa kama matatu ya Umoinner saa kumi na mbili. Madini, Sheria ya 2016, mrabaha, yaani ile pesa mchimbaji analipa serikali kwa madini anayotoa, unagawanywa 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Mafuta, sheria ya 2019, ni 75, 20 na 5. Ndovu ama simba akiua mtu fidia ni milioni 5 kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Jamaa wa Kwale alitaka kuuliza zaidi kuhusu hiyo 10, kwa sababu watu wengi hudhani ni asilimia kumi ya madini yenyewe na kumbe ni ya mrabaha, ni kumi ya kipande, lakini mlinzi alikuwa ameshakuja na funguo. Kama wewe shida yako ni madini usiende hili darasa, utarudi na njaa.

Makosa mengine sitayaficha. Walikuwa wanauza nakala ya sheria yenyewe mlangoni, imefungwa na ile springi, 800. Jamani, hiyo sheria iko bure kwa tovuti ya Kenya Law, mimi niliitoa kwa simu nikaenda saiba ya River Road wakaniprintia pande mbili na nikabaki na pesa ya nauli na smoki. Noti walizotupa zilikuwa fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa 9 ni mweusi tii, na ukurasa wa 9 ndio ulikuwa na hatua za kusajili, nawaambia mimi si mtu wa kuamini uchawi lakini. Risiti uliombwa usubiri wiki. Na choo cha wanawake kilikuwa na ufunguo mmoja ambao hukaa na sekretari ambaye Jumamosi hafanyi kazi.

Mazuri: hawakutuuzia uoga. Nimewahi kukaa kwa mkutano wa ardhi mahali fulani ambapo mwisho wake unaambiwa wewe lipia faili tukufuatilie, hawa hawakutaka faili ya mtu. Mdada mwenyewe alisema kwa hizi hatua za kwanza hamhitaji wakili, mnahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri na asiyelala. Na seveya alikaa na sisi kwa ngazi mpaka saa kumi na moja na nusu akichora kwa nyuma ya bahasha, na hakuomba hata soda.

Mimi nawapa tatu na nusu kwa tano. Seveya peke yake ningempa tano. Wakifanya slaidi kwa Kiswahili, historia saa moja, rejista asubuhi kabla ya chai watu wakiwa na akili, nitarudi na nitaleta shemeji watatu. Kama wewe ni wa ranchi ya kikundi ama unatoka mahali ambapo ardhi bado haijasajiliwa, nenda, 4,500 inauma lakini nenda, na mwende wawili wawili ndio mmoja aandike. Kama shida yako ni plot ya Ruai imeuzwa mara mbili, hapo si mahali pako.

Nilipotoka nilimpigia mama mkwe kutoka stejini. Nikamwambia kwa sheria wewe ni wa hapo, hakuna wa kukutoa. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa sheria sawa, lakini nimeandikwa?" Nikamwambia bado.

Cheti cha kuhudhuria walinitumia juzi kwa imeli, jina langu limekosewa herufi moja, wanataka 300 kurekebisha. Nimewaambia wakae nacho. Lakini kilinifanya niombe picha ya kitambulisho cha mama mkwe, na kumbe jina lake la pili hapo ni tofauti na lile liko kwa cheti cha kifo cha mzee, moja limeandikwa na e, lingine na i. Kwa hivyo Jumanne nafunga kibanda, nashika gari ya Kajiado asubuhi, tunaenda naye ofisi ya vitambulisho kabla hiyo rejista haijafunguliwa. Mjukuu amesema atakuja na kiti, foleni ya pale ni ndefu.